Pande la Mninga Uvunguni mwa Mama

Mama alitangaza kwamba anaolewa huku anakuna nazi, tena bila hata kuinua uso kutoka kwenye mbuzi. "Ijumaa ya wiki ijayo, baada ya sala," alisema. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa jiko na kikombe mkononi, na chai yote ikanimwagikia mguuni. Kisha nikapiga kelele za furaha mpaka mpangaji wa chumba cha mbele akatoka na taulo kuuliza kama nyumba inaungua.

Bwana mwenyewe nilimfahamu. Ni mchuuzi wa samaki pale soko la Feri, mtu wa makamo aliyefiwa na mkewe, na makazi yake Kigamboni. Kwa muda mrefu alikuwa akimletea mama samaki aina ya changu "waliobaki", na mtu yeyote aliyewahi kufika Feri anajua kwamba changu hawabaki. Mapenzi ni kikohozi. Baba alikuwa ameshatutoka miaka mingi, na mimi nilichoka kumwona mama akipakua chakula cha mtu mmoja. Kwa hiyo nilifurahi, nasema kweli, nilifurahi kama vile naolewa mimi.

"Ila nina sharti," mama akaendelea, nazi inashuka kwenye sahani. "Sivuki Magogoni kwenda kwake bila bakuli langu."

Hapo nikaweka kikombe chini, kwa sababu bakuli lake halikuwapo. Kilichokuwapo ni pande la mti.

Baba alikuwa mkereza. Alitoka kusini akiwa kijana, akapata banda eneo la Gerezani katikati ya wachomeleaji, akafunga mashine inayozungusha mti huku yeye anauchonga kwa patasi. Matendegu ya vitanda, miguu ya viti, nguzo za ngazi, vyote vilipita mkononi mwake. Mama alikuwa binti wa kuuza maandazi. Baba alipokwenda kumposa alimwahidi bakuli la mninga la kukandia unga, kubwa na zito, lisilocheza sakafuni mtu anapokanda. Akautafuta mninga, akaupata, akauchonga duara kwa shoka, tayari kwa mashine. Kisha akauweka uvunguni mwa kitanda ukauke.

Nilizaliwa nikalikuta pande hilo uvunguni, nikakua likiwa uvunguni. Tulikuwa tukijigonga vidole kila tukifagia. Kila mwaka siku za mwisho za Ramadhani, wakati nyumba inapakwa rangi kwa ajili ya Idi, baba alilivuta nje, akaligonga kwa kifundo cha kidole, akatega sikio. Mama akiwa jikoni, bila kugeuka, aliuliza, "Limekauka?" Baba akajibu, "Bado." Alichovya brashi kwenye rangi iliyobaki koponi, akapaka kwenye ubavu wa lile pande, sehemu zile mbili ambako nyuzi za mti hujitokeza na maji hupenda kutorokea. Halafu akalisukuma tena uvunguni. Mama akaendelea kukanda kwenye beseni la plastiki.

Nilipokuwa mdogo nilidhani ule ni ugomvi wao. Nilipokua na kurithi mashine, nikaamua kwamba ni uvivu. Kinyozi hajinyoi, nikasema, na mke wa mkereza atakufa na beseni lake la plastiki.

Mimi na baba hatukuwahi kupatana juu ya mti. Yeye alikuwa mtu wa mti mkavu. "Mti mbichi ni mgeni," alikuwa akisema, "hujui atakuwaje akishaizoea nyumba." Na kweli, ukichonga bakuli kwenye mti mbichi, likikauka linajikunja, linakuwa yai, pengine linapasuka kabisa. Lakini mimi sina subira, sikuumbiwa. Mti mkavu unakwaruza, unatoa vumbi linalokaa kooni, na patasi inakuwa butu kila baada ya dakika chache. Mti mbichi unamenyeka. Unatoa utepe mrefu wa maranda, wenye unyevu, unaopita juu ya bega lako, na unaona bakuli linazaliwa kabla hata chai haijapoa. Udongo uwahi ungali maji, wahenga hawakukosea.

Kwa hiyo mama aliposema bakuli lake, akili yangu ilikimbilia upande wangu. Lile pande la uvunguni lilikuwa moja tu. Mninga uliokaa miaka yote ile unaweza kuwa na ufa ndani usiouona kwa nje, na kwenye mashine ufa wa namna hiyo unarusha vipande kama mtungi wa gesi uliolipuka. Nikikosea, ahadi ya baba imekwisha, hakuna pande la pili. Na kulikuwa na jambo jingine ambalo sikutaka kulisema. Bibi harusi anaingiaje nyumba ya mume mpya na mti wa marehemu mume wake? Nikawaza majirani wa Kigamboni, nikawaza shangazi zangu, nikawaza uso wa yule bwana. La, hilo libaki uvunguni. Nitamchongea mama bakuli jipya, bichi, lenye harufu ya leo.

Na bahati ikanipendelea siku ileile. Nilisikia kwamba Mtaa wa Mchikichi kuna nyumba ya zamani inabomolewa, panajengwa ghorofa, na uani kuna mfenesi mkubwa. Kesho yake asubuhi nikafika na kukuta msumeno unanguruma. Jamani! Gogo lilipofunguka, ndani lilikuwa manjano kama bizari iliyotwangwa sasa hivi, na maji yanachuruzika. Nilimsihi msimamizi mpaka akacheka. "Dada, watu wanakuja kuomba nondo, wewe unaomba kuni?" Nikamwambia hizo si kuni, ni mahari. Akanikatia kipande kinene cha shina, nikapata mtu wa mkokoteni, tukashuka Msimbazi tukipiga kelele za "Pisha! Pisha!" mimi nikiwa nyuma nimekumbatia gogo lisidondoke. Wenye maduka ya vitenge walinitazama. Nilikuwa natabasamu peke yangu.

Nilipolifunga kwenye mashine na kuwasha mota, maji yalirushwa ukutani, yakanipiga usoni, yakawapiga na wachomeleaji wa banda la pili.

"Dada, umechimba kisima humo?" mmoja akapaza sauti.

"Njoo uchote!" nikamjibu.

Maranda yalitoka mapana, marefu, ya manjano, yakajaa miguuni mpaka magotini. Nilikuwa naimba. Nilichonga ubavu, nikageuza, nikaanza kuchimba ndani, ukuta wa bakuli ukawa mwembamba kiasi kwamba mwanga wa mlangoni ulipenya ukawa rangi ya asali. Hakuna raha ya kufanana na hiyo. Ukiisimamisha mashine kwa wakati huo na kuweka kiganja ndani, bakuli lina ubaridi, limelowa, kama kitu kilichotoka kisimani.

Katikati ya raha hizo, bwana harusi mwenyewe akatokea mlangoni. Ilikuwa Ijumaa, ametoka msikitini, kanzu nyeupe inang'aa.

"Shikamoo," nikasema, na sikuzima mashine.

"Marahaba, mwanangu. Nasikia unach—" Hakumaliza. Utomvu wa mfenesi ulimchapa kuanzia kifuani mpaka ndevuni. Nao utomvu wa mfenesi ni ulimbo, hautoki kwa sabuni. Nikazima mota, nikabaki nimejishika kichwa. Wachomeleaji waliacha kazi kutazama mtu anayemharibia mama yake ndoa.

Yeye akaitazama kanzu, akaligusa lile bakuli lililolowa, akalipapasa pole pole. "Samaki mkunje angali mbichi," akasema. "Kumbe na miti." Akacheka mpaka akaegemea mlango. Nilimpaka mafuta ya nazi kwenye ndevu kuondoa ulimbo, na tangu siku ile nikampenda. Alipoondoka aliulizia jambo moja tu: bakuli la mama limefikia wapi. Nikamwonyesha lile la manjano. Akalitazama tena, akatikisa kichwa taratibu, akaaga. Nilidhani ni zile ndevu zinamsumbua.

Nililifukia bakuli langu kwenye kiroba cha maranda yake lenyewe ili likauke taratibu lisipasuke, na kila asubuhi nikawa nalifukua kama mtoto anayechungulia kuku aliyeatamia. Na kila siku lilikuwa limejikunja zaidi. Mdomo ulianza kunyanyuka upande huu na kushuka upande ule, likawa refu kuliko pana. Halikupasuka hata kidogo. Lilikuwa zuri kupita lilivyotoka kwenye mashine, kwa sababu sasa lilikuwa na sura yake ambayo haikutoka mkononi mwangu. Jumanne nikalipangusa, nikalipaka mafuta, nikalifunga kwenye kanga mpya, nikarudi nyumbani mbio.

Mama alifungua kanga. Akalizungusha bakuli, akaingiza mikono yote miwili kama anayekanda, akalinusa.

"Zuri," akasema. "Zuri sana. Hili mpe bwana harusi aweke ndimu zake." Akaliweka kando. "Sasa langu liko wapi?"

"Mama, hilo ndilo lako."

"Hili ni lako wewe. Mimi langu liko uvunguni."

Nikamweleza habari ya ufa. Akanisikiliza. Nikamweleza kwamba likivunjika hakuna lingine. Akanisikiliza. Mwishowe nikalitoa lile lililokuwa linanikaba. "Na watu watasema nini, mama? Uingie kwa mume na mti wa marehemu?"

Mama akaanza kucheka kile kicheko chake cha kutikisa mabega. "Watu! Watu hawahawa waliokula maandazi yangu na hawakuuliza nimekandia wapi? Unajua nani aliyesema nisivuke bila lile bakuli? Unadhani ni mimi?"

Nikasema ndiyo, ni wewe, umesema mwenyewe jikoni.

"Ni yeye. Nilimsimulia habari za baba yako, na lile pande, na Idi zetu. Akaniambia, 'Ahadi ya mwenzangu siwezi kuitimiza mimi, na sitaki uje kwangu ukiwa bado unaisubiri. Mwambie mwanao aimalize.'" Akainama, akalivuta pande kutoka uvunguni mwenyewe, kwa pumzi za taabu, akalisukumia miguuni pangu. "Na wewe, ulipokuwa mdogo, ulidhani lile swali langu la kila Idi lilikuwa ugomvi?"

"Wewe ulijua ni nini, mama?" nikamwuliza.

"Mimi? Nilijua. Lilikuwa mchezo wetu. Mwaka ambao asingeulizwa angenuna." Akalipangusa pande vumbi kwa upindo wa kanga. "Lakini sijui kama lilikauka kweli. Hilo hakuniambia."

Kesho yake alfajiri nililipakia kwenye bajaji, nikalipakata mpaka Gerezani. Niliiandaa patasi kwa jiwe la kunolea mpaka ikanyoa nywele za mkononi. Nikalifunga pande, nikalizungusha kwa mkono kwanza, nikaligonga kwa kifundo kama yeye, nikatega sikio. Lililia kwa sauti ya juu, safi. Mti wenye ufa haulii hivyo. Nikajiona mtu aliyepewa usukani.

Nikawasha mota. Patasi ikagusa ubavu, na kitu cha kwanza kilichoruka hakikuwa mti.

Ilikuwa rangi. Magamba madogo ya rangi, magumu, mazito kuliko nilivyotarajia. Nikazima mashine, nikaokota moja, nikalitazama ukingoni penye mwanga wa mlango. Lilikuwa na matabaka, jembamba juu ya jingine, kama kitunguu. Juu kabisa kijani ya chumba cha mbele, ile aliyoipaka mwaka wake wa mwisho. Chini yake krimu. Chini yake bluu ya mlango wa uani, mlango ambao niliuegemea ukiwa bado mbichi na kuiharibu nguo yangu ya Idi, nikalia mchana kutwa. Chini yake pinki ambayo mama aliichagua na baba akaichukia, na bado akaipaka. Chini zaidi kulikuwa na rangi nisizozijua, za kabla yangu, za chumba cha kupanga walichoanzia maisha.

Nilikaa kwenye lile gogo lililobaki la mfenesi. Mimi mkereza, mtoto wa mkereza, nilikuwa nimepita juu ya pande lile maisha yangu yote na sikuwa nimeona. Mtu mvivu angelisahau uvunguni, na lingepasuka mwaka wa kwanza kwa joto la mji huu. Yeye alikuwa akiliziba kila mwaka. Kila rangi aliyoinunua kwa ajili ya nyumba yetu aliibakiza kidogo kwa ajili ya bakuli la mama. Ndiyo maana halikuwa na ufa. Nililia kidogo pale, nikapenga kwa kanga, wachomeleaji wakajifanya hawanioni.

Halafu nikasimama nikafanya kazi niliyozaliwa kuifanya. Mninga mkavu si mchezo. Vumbi lake jekundu lilijaa puani, nikapiga chafya mfululizo mpaka jirani akanitupia kitambaa cha kujifunga mdomo. Kila mkato ulikuwa mdogo, wa taratibu, na mimi, mtu wa haraka zote, sikuwa na haraka. Rangi ya mti ilianza kutoka chini ya mavumbi, kahawia yenye dhahabu, yenye michirizi myekundu. Nilipofika tumboni mwa bakuli nikaanza kuogopa tena, maana ufa ukiwapo utakuwa pale, katikati. Haukuwapo. Nilichimba mpaka unene nilioutaka na hapakuwa na doa la unyevu wala mstari mwembamba kama unywele. Nilipiga yowe, na banda zima likaitikia bila kujua wanaitikia nini.

Upande mmoja baba alikuwa ameuchonga kwa shoka ukazama kidogo, kwa hiyo patasi haikufika. Pale, chini ya mdomo, palibaki kipande cha rangi, kidogo kama ukucha wa dole gumba, na ukingoni matabaka yote yanaonekana. Ningeweza kukiondoa kwa mkato mmoja. Nilizima mashine nikachukua msasa, nikapita pembeni yake.

Alhamisi alasiri nililibeba mikononi kutoka Gerezani mpaka nyumbani kwa miguu, limepakwa mafuta ya nazi. Sikuthubutu kuliweka kwenye chombo chochote chenye magurudumu. Watu wa Mtaa wa Sikukuu waliuliza kama linauzwa, nikawacheka.

Nyumbani sebule ilijaa. Shangazi zangu, wauza maandazi wenzake mama, majirani wote wa uani, wako chini kwenye mikeka wanamtania mama mpaka basi, na mama amekaa katikati kama malkia, hina imejaa mikononi mpaka viwiko, hawezi kushika kitu. Nilipoingia waliangalia bakuli, kelele zikapungua moja moja.

Nikapiga magoti mbele yake, nikalishika lile bakuli usawa wa uso wake. Aliinua mikono juu ili hina isiguse, akainama, akalinusa. Macho yake yakazunguka mdomo wa bakuli mpaka yakafika kwenye kile kipande cha rangi. Akakitazama tabaka kwa tabaka. Shangazi mmoja alitaka kusema jambo, mwenzake akamfinya.

Mama akaniangalia mimi. Kwa sauti ile ile ya jikoni, akauliza:

"Limekauka?"

Na mimi ndiye wa kujibu, maana mwenye kujibu hayupo. Nyumba yetu ilikuwa na jibu moja tu kwa swali hilo. Ulimi wangu ulilijua kuliko ulivyolijua jina langu, na ghafla nikajua nikilisema atacheka, na wote watacheka, na labda atabaki nasi siku moja zaidi. Nilitamani sana kulisema.

"Limekauka, mama."

Akaegemeza shavu lake kwenye bakuli, akakaa hivyo. Kisha akainua uso, umelowa, na mikono yake bado iko juu.

"Haya," akawaambia, "niosheni hii hina. Naenda."